Mahari ya Betri

Bwana Idarus alikuwa na simu mbili, na moja kati ya hizo haikuwa ya kumpigia mtu. Ilikuwa ya kutazamia betri ya nyumba. Kioo chake kilikuwa kimepasuka pembeni na laini haikuwemo, lakini ilionyesha namba moja kubwa ya kijani, na namba hiyo ndiyo aliyoitazama kabla ya kwenda msikitini alfajiri, baada ya chai, na kila alipochoshwa na mazungumzo ya watu. Sabini na nne. Sabini na mbili. Siku ya mawingu alikuwa mkali kwa kila mtu, mpaka kwa paka.

Nyumba yao iko Pate, katika mtaa ambao nguzo za stima hazijafika. Juu wanakaa Bwana Idarus na mkewe, Bi Hadia. Chini anakaa binti yao Lubna na mumewe Husni, kwa desturi ya watu wa huku: mtoto wa kike haondoki kwao, mume ndiye anayekuja na begi lake. Stima yote ya nyumba hiyo, ya juu na ya chini, ilitoka kwenye betri moja ya lithiamu iliyofungwa ukutani karibu na ngazi, ikijazwa na paneli za jua za juu ya paa. Bwana Idarus aliinunua Amu, mji wa Lamu, wiki moja kabla ya arusi ya Lubna, mwisho wa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili, kwa shilingi laki mbili na themanini. Iliuzwa minazi thelathini ili ipatikane, na kumi kati ya minazi hiyo ilikuwa ya Bi Hadia.

Mwenye kuumia na hesabu za betri hiyo alikuwa Lubna. Alikuwa na friza chini, akiuza barafu za ukwaju na kuwawekea majirani samaki wao kwa malipo kidogo. Lakini friza hula stima, na kila jua lilipozama sauti ya babake ilishuka kutoka ghorofani kabla hata ya adhana kumalizika.

"Lubna! Zima friza!"

"Labeka, Baba."

Akazima. Asubuhi barafu zilikuwa nusu maji, na samaki wa watu walikuwa wameanza kulegea. Wateja wa samaki walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake. Jirani mmoja tu ndiye aliyesema wazi: "Barafu zako, Bi Lubna, mtu hanunui kula, anunua kunywa." Lubna alicheka naye, kisha akaingia ndani akakaa kitako sakafuni. Neno hilo lilimchoma.

Hata hivyo maisha yalikwenda, mpaka mwezi wa Shaabani alipokuja binamu yake Bwana Idarus kutoka Amu, kwenye hitima iliyosomwa nyumbani hapo. Alipokuwa akishuka ngazi aliiona betri, akauliza bei. Bwana Idarus aliitaja kwa sauti iliyofika barazani, maana ni bei aliyoizoea kuitaja. Binamu akashika tumbo kwa kicheko.

"Laki mbili na themanini! Mimi mwezi ulopita nimenunua laki moya na kitu. Ni hini hini, jina moya, ukubwa moya. Umepigwa, Idarus!"

Watu wa hitima wakacheka, kisha wakakumbuka wamekuja kwa ajili ya nini, wakanyamaza. Bwana Idarus alicheka nao. Chakula cha jioni hakukila. Siku ya tatu alimwita Lubna juu, akamuuliza jambo ambalo kwa miaka mitatu hakulitia mdomoni.

"Mumeo, mahari yako ameshatoa?"

Lubna akasema bado. Yalikuwa mahari ya kuahirishwa, kama yalivyo ya wanawake wengi, na kila mtu nyumbani alijua kuwa Husni alikuwa akijikusanya.

"Basi mwambie. Ramadhani isiandame hajatoa. Ikiandama, asipite mlangoni, asikanyage daka langu."

"Baba, yeye ni mume wangu."

"Na daka ni langu," alisema Bwana Idarus, akaitazama simu yake ya pili. Lubna akashuka ngazi pole pole, mkono ukutani. Alimpenda Husni, na alimjua babake; katika mambo hayo mawili hakuona la kumsaidia.

Husni alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni Shela. Kila wiki mbili alipanda boti kurudi Pate, na kila alipofika babamkwe alimsalimu kwa neno lile lile: "Mpishi, umekuya?" Neno halikuwa tusi. Lakini ukisalimiwa kwa kazi yako miaka mitatu mfululizo, unaanza kuelewa kwamba jina lako lina ila.

Lubna alipompigia simu, Husni alikuwa akipara samaki. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Amesema mahari, au amesema betri?" aliuliza.

"Amesema mahari. Si ndiyo betri?"

"Ndiyo betri," alisema Husni. "Mwambie naileta Ijumaa."

Hivyo ndivyo walivyoelewana tangu kabla ya nikaha. Lubna alipoulizwa anataka mahari gani, hakutaja dhahabu wala kitanda. Alisema: "Nataka betri kama hiyo ya Baba." Alikuwa tayari ameshaliona friza lake kichwani. Husni alipopelekewa habari aliona ni mahari mazito lakini ya mtu mwenye akili, akakubali. Wakati huo bei ilikuwa laki mbili na themanini naye alikuwa na elfu thelathini. Akaanza kuweka. Kila alipoongeza, akauliza dukani, bei ilikuwa imeshuka. Walikuwa wakikutana njiani, yeye akipanda na bei ikiteremka, na hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Mwaka uliopita bei ilifika alipokuwa yeye, angeweza kununua siku hiyo hiyo. Akasema, aa, ngoja ishuke kidogo. Ikashuka. Akangoja tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa lake, lilikuwa la mkewe aliyekuwa akimwaga maji ya barafu kila asubuhi. Alilijua hilo alipokuwa amesimama na kisu mkononi, na aliona haya.

Duka la Bi Shifaa liko Amu, nyuma kidogo ya barabara ya bandarini, kati ya fundi cherehani na muuza dawa za asili. Mama huyu aliuza paneli, inveta, waya na betri, akivaa miwani iliyofungwa uzi. Yeye ndiye aliyemuuzia Bwana Idarus ile ya laki mbili na themanini.

"Bei yake laki moya na ishirini na nne," alisema, akiligonga boksi kwa kalamu. "Kilowati tano. Miaka kumi hutaniona."

"Bi Shifaa, mimi si mgeni. Laki moja na kumi."

"Wewe wataka nifunge duka. Moya na ishirini."

"Nina nauli ya boti na bodaboda. Hili ni zigo la kilo arubaini na tano, halitembei."

Bi Shifaa akamtazama juu ya miwani. "Laki moya na kumi na nane, na waya nakupa. Usiniombe lingine."

Husni akatuma pesa kwa simu. Walipokuwa wakingoja ujumbe uingie, aliuliza swali lililokuwa likimkera. Vipi kitu kile kile kikaanguka bei hivi? Au babamkwe kweli alipigwa?

"Mimi sikumpiga mtu!" Bi Shifaa alikunja uso. "Mwaka ule hata mimi niliinunua ghali, faida yangu ilikuwa ya chai. Lithiamu ni madini, mwanangu. Yalikuwa haba, na magari ya stima ya dunia nzima yayataka. Kila mwenye ardhi akaanza kuchimba, Wachina wakajenga viwanda juu ya viwanda, sasa mali imekuwa nyingi kuliko wanunuzi. Wayua embe msimu ukikaza? Ndiyo hayo. Mtu alokula embe la kwanza alilila kwa bei, lakini alilila. Mkweo amewasha taa miaka mitatu. Watu wengine walikuwa gizani, wakingoja."

Bi Shifaa akachukua kitabu cha risiti, akaandika tarehe, kisha kalamu ikasita.

"Namyua Idarus," alisema kwa sauti ya chini. "Ataumia akiona bei. Nikuandikie laki mbili na themanini? Ni karatasi tu. Atatulia, nawe utalala."

Husni alifikiri. Asidhani mtu kwamba hakufikiri. Aliona ngazi, aliona uso wa babamkwe ukilegea, akaona miaka mbele bila ya "mpishi, umekuya?" Kisha akatikisa kichwa.

"Ni mahari, Bi Shifaa. Nisianze mahari kwa urongo."

"Haya," alisema Bi Shifaa, akaandika laki moja na kumi na nane kwa tarakimu na kwa maneno. "Mtu mwema hupata tabu. Lishike vizuri hilo boksi."

Boti ikamfikisha gati ya Mtangawanda, pikipiki ikamfikisha Pate, boksi limefungwa nyuma kwa mpira naye amelikumbatia njia nzima. Wanaume wawili waliokuwa wakizungumza kwenye kona walimsaidia kulibeba mpaka dakani, ule ukumbi mdogo wa mlango wa mbele, wakalitua kati ya mabenchi mawili ya mawe. Habari ilikuwa imeshafika ghorofani. Bwana Idarus akashuka na kofia yake, akalizunguka boksi mara moja.

"Assalam aleikum, Baba," alisema Husni. "Nimeleta mahari ya Lubna."

"Waleikum salam. Bei gani?"

Husni akatoa risiti. Bwana Idarus aliisoma kwa muda ambao risiti ya mistari minne haihitaji, kisha akaikunja, akamrudishia.

"Hini ni laki moya na kumi na nane."

"Ndiyo, Baba. Bei zimeanguka."

"Mahari ya binti yangu ni laki mbili na themanini."

"Mahari ni betri, Baba. Kama hiyo yako. Jina moja, ukubwa mmoja."

"Mimi sikumuoza mtoto wangu kwa betri." Sauti ilianza kupanda, na wale wanaume wawili wakaanza kuangalia viatu vyao. "Nilimuoza kwa laki mbili na themanini. Imeandikwa. Wewe umengoja bei ya mke wako ishuke, Husni, kama mtu angojaye samaki wa jioni wauzwe kwa fungu. Liondoe."

Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwita kwa jina, na Husni alitamani angemwita mpishi.

Boksi halikuondoka. Husni hakuwa na pa kulipeleka, na Lubna alikataa lifunguliwe.

"Tulifunge tu ukutani," Husni alimwambia mkewe walipokuwa peke yao. "Likishawaka atazoea."

"Hapana. Likiingia kabla hajalipokea litakuwa limeingia kimwizi, na kila siku atakutazama hivyo. Wewe mwenyewe kwa nini ulingoja, Husni? Mwaka jana ulikuwa nazo."

"Nilidhani naokoa pesa."

"Uliokoa. Na mimi nilimwaga maji." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akifuta friza lililozimwa, na alipomaliza alimpa mumewe kitambaa akakikamua.

Basi kwa siku nane mali ya laki moja na kumi na nane ilikaa dakani. Mwanzo watu walilitazama boksi kwa heshima. Siku ya tatu mtu aliliegemea. Siku ya tano walikuwa wakilikalia, kwa sababu lilikuwa na urefu mzuri na benchi la mawe huwa baridi asubuhi. Kulipochezwa bao walichezea juu yake, na mtu mmoja akaacha alama ya kikombe cha kahawa. "Shuka, umekalia mahari," walitaniana. Husni aliyasikia kupitia dirishani, akaendelea kukatakata vitunguu vya mkewe, vyembamba sana, kama wageni wa Shela wanavyotaka. Bwana Idarus alianza kutumia mlango wa nyuma, wa kupitia jikoni, ili asilipite. Mwenye nyumba akawa anaingia kwake kwa kupishana na masufuria.

Ruhusa ya Husni kazini ilikuwa inakwisha. Shaabani ilikuwa imebakisha siku sita. Bi Hadia, ambaye hakuwa amesema neno tangu siku ya hitima, alijitanda buibui lake akaenda mwenyewe kwa Maalim Abdulqadir aliyefungisha ile ndoa, akamwambia: "Maalim, njoo na daftari lako. Mume wangu ameacha kupita mlango wake."

Maalim Abdulqadir alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikaa ukumbini chini, Bwana Idarus kulia kwake, Husni kushoto. Bi Hadia na Lubna walikaa nyuma ya pazia, ambalo lilikuwa jembamba kiasi cha kila mtu kumuona kila mtu, lakini heshima ilitimia. Maalim akalifungua daftari, akalowesha kidole, akafunua karatasi.

"Bismillahi. Husni na Lubna. Mahari..." akavaa miwani. "Shilingi laki mbili na themanini elfu. Za kuahirishwa."

Bwana Idarus alikunjua mikono tu, kama kwamba daftari limesema kwa niaba yake. Husni akasogea mbele.

"Maalim, hapo pameandikwa bei. Mimi nililetewa ujumbe wa betri. Kisha siku ya nikaha nikasikia shilingi, nikasema, aa, ni hiyo hiyo betri, wameitajia thamani yake. Nikajibu nimekubali."

"Ulijibu nini hasa?"

"Nimekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa."

"Basi umelijibu mwenyewe, mwanangu," alisema Maalim kwa upole. "Yaliyotajwa ni shilingi. Nakumbuka. Idarus alinishika mkono, akasema laki mbili na themanini elfu. Mashahidi wawili wakasikia. Mmoja yuko Mombasa, mmoja ametangulia, Mungu amrehemu. Akdi ya ndoa ni neno lililotamkwa. Si lile lililokuwa moyoni."

Husni alipiga hesabu asiyoitaka: kwa mshahara wake, miaka mingine minne. Hapo ikasikika sauti ya Bi Hadia nyuma ya pazia, taratibu.

"Maalim. Siku ile nani alotumwa kumuuliza mtoto idhini?"

"Babake, Bi Hadia. Ndiye walii, mwenye kumuoza. Alipanda yuu kumuuliza, nasi tukamngoja msikitini."

"Basi muulize mtoto alijibu nini."

Lubna alikohoa. Hakuwa amezoea kusema mbele ya Maalim, aliyemsomesha juzuu amma na kumchapa vidole. "Mimi nilisema betri," alisema. "Sikutaja shilingi hata moja. Baba akaniuliza mara mbili, una hakika? Nikasema ndiyo. Akaenda."

Maalim akavua miwani. "Idarus. Mtoto alikwambia betri, nawe ukatamka shilingi?"

Bwana Idarus alitoa simu ya pili mfukoni, akaitazama, akairudisha bila ya kuona namba. Alipoanza kusema ilikuwa sauti nyingine kabisa.

"Nilitoka hapa na hilo neno betri. Ndia nzima nalisema moyoni. Nikaingia msikitini, nikaona watu, masharifu wamekuya, wakwe wametoka Faza na majoho yao. Nami nitasema nini? Nimekuoza binti yangu kwa mahari ya betri? Msikiti mzima ungeteka kwa kicheko, Maalim. Mpaka kufa kwake angeitwa Bi Betri. Wewe wayua watu wetu. Nikaona haya. Nikataja bei yake, nikasema ni moya tu. Bei si ndiyo kitu?"

"Siku hiyo ilikuwa ni moya," alisema Maalim.

"Siku hiyo ilikuwa ni moya," alikubali Bwana Idarus, na kwa mara ya kwanza aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia Lubna alitaka kucheka na kulia. Miaka mitatu alikuwa akidhani babake hajali kile alichokitaka, kumbe alikibeba mpaka msikitini, akakificha kwa kuogopa vicheko vya watu, na ndiyo maana kikaharibika.

Maalim aliliweka daftari magotini. "Sasa nyote mwaniangalia. Mkitaka, twendeni kwa kadhi afungue vitabu, huenda akapata kauli nyingine. Lakini kuna ndia fupi. Mahari si ya Idarus wala si yangu. Ni mali ya Lubna. Akidai, zilizobaki atapewa. Akisamehe kwa radhi yake, bila kulazimishwa, zimesameheka na mume ale kwa raha. Zilizobaki ni ngapi?"

"Laki moja na sitini na mbili elfu," alisema Husni haraka, maana hakuwa amefikiri kitu kingine kwa siku nane.

"Laki moya na sitini na mbili," alirudia Bi Hadia. Kisha akasema, si kwa Maalim, wala si kwa Husni: "Ndizo hizo hizo, baba Lubna. Laki mbili na themanini, toa laki moya na kumi na nane. Ndizo ulizochekewa siku ya hitima. Wamdai huyu kijana pesa ulizopoteza wewe kwenye betri yako."

Nje dakani mtu alikuwa akipanga kete za bao juu ya boksi. Bwana Idarus alikuwa amekaa wima, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba amevaa kanzu kinyume tangu asubuhi.

"Na mimi minazi yangu kumi ilikwenda humo," aliendelea Bi Hadia. "Nililia siku tatu jikoni, ukadhani ni moshi. Hizo hazirudi. Husni akitoa hizo laki, bado minazi yangu itakuwa ya mwengine."

Lubna akalisogeza pazia. Halikuwa jambo la kawaida na Maalim akaangalia ukuta. "Maalim, nimemsamehe Husni zilizobaki. Sikulazimishwa. Naitaka betri niliyoitaka, na imefika dakani." Akakaza sauti. "Lakini kungoja kwake sikumsamehe bado. Hilo ataniombea radhi mwenyewe, polepole."

Maalim Abdulqadir alicheka mpaka akakohoa. "Hilo halimo katika daftari," alisema. Akapiga mstari, akaandika pembeni kwa mkono wake mdogo: *mahari yametolewa, betri moja, mke ameridhia*. Husni alikuwa akilia bila sauti, akijifuta na kofia. Bwana Idarus aliona, akaangalia pembeni kumpa nafasi. Ilikuwa adabu yake ya kwanza kwa mkwewe kwa muda mrefu.

Betri ilifungwa siku ya pili. Husni mwenyewe alitoboa ukuta, maana kwenye nyumba ya wageni mpishi hufanya kila kitu. Akaitundika chini karibu na friza, akavuta waya kwenye paneli mbili za mtumba. Boksi tupu liliondolewa dakani, na wacheza bao walisikitika.

Ilipokaribia magharibi Bwana Idarus alishuka, kwa mlango wa mbele. Alisimama mbele ya betri mpya mikono nyuma.

"Ina ngapi?"

Husni akamwonyesha kwenye simu yake. Tisini na sita.

"Yangu arubaini na moya," alisema Bwana Idarus. Akaligusa lile friza kwa kiganja, akalisikiliza likinguruma. Kisha akageuka kuhakikisha Bi Hadia hayuko karibu, akashusha sauti. "Husni. Watu watakuuliza hini umenunua bei gani. Walikuwa wakikalia hapo siku nane, lazima watauliza. Sema..." Akatafuta maneno. "Sema ni laki mbili na themanini. Usiseme kwa ajili yangu. Sema tu."

Husni alimwangalia. Mzee aliyekuwa akipiga kelele kutoka juu alikuwa amesimama mbele yake akimwomba. Husni hakufurahi alivyodhani angefurahi. Aliikumbuka kalamu ya Bi Shifaa ikisita juu ya karatasi.

"Baba, nitawaambia ni ya mahari," alisema. "Cha mahari mtu haulizi bei."

Bwana Idarus alilitafakari hilo. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi, akawa kama aliyeivua aibu yake pale pale. "Kweli," alisema. "Cha mahari hakiulizwi." Akapanda ngazi. Simu yake ya pili aliisahau juu ya friza, na namba yake ilikuwa ikipungua bila ya mtu kuitazama.

Adhana ikaanza. Lubna alikuwa akipanga vifuko vya ukwaju, na sauti ikashuka kutoka ghorofani kama kila siku.

"Lubna!"

"Labeka, Baba." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi, peke yake, kwa mazoea ya miaka mitatu. Husni aliuona.

"Barafu yako yeo imeshika?"

Akautoa mkono kwenye swichi. "Imeshika, Baba."

"Basi nitilie gilasi ya maji. Na mamako umtilie."